Mtihani Wangu na Testi ya Baba

Baba yangu alijua gari kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona. Alikuwa dereva wa trekta katika shamba la mzungu mmoja upande wa juu wa Njoro, kuelekea Mau, shamba la ngano na maua ya pareto. Tangu nikiwa mdogo nilizoea kumwona akirudisha trela kinyumenyume kati ya nguzo za ghala bila hata kugeuza shingo. Mvua ikinyesha na lori la shamba likikwama kwenye tope, mzungu mwenyewe alishuka, akampa baba usukani, akasimama kwenye nyasi na mikono mfukoni. Baba aliwasha, akaisikiliza injini kidogo, kisha akalitoa lori taratibu kana kwamba halikukwama kamwe.

Lakini hakuwa na leseni. Ndani ya shamba hakuna aliyeiulizia. Kulipeleka lori barabarani, kushuka na magunia mpaka stesheni ya Nakuru, ndiko kulikohitaji leseni, na leseni haikupatikana bila testi mbele ya afisa wa kizungu huko mjini. Baba alikuwa amekwenda mara mbili na mara zote mbili akaanguka. Nyumbani hatukuambiwa kwa nini. Mama alisema tu, "Wazungu wa mjini ni wakali," nasi tukaamini hivyo.

Hii ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini. Mimi nilikuwa kidato cha nne katika shule ya misheni upande wa Molo, mmoja wa wasichana wachache kati ya wavulana wengi. Mwisho wa mwaka tungefanya mtihani wa Ng'ambo. Tuliuita hivyo kwa sababu karatasi zilitoka Uingereza zikiwa zimefungwa kwa lakiri, na majibu yetu yangerudishwa huko huko kusahihishwa na watu ambao hatungewaona maisha yetu yote. Jambo hilo lilinitisha kuliko maswali yenyewe. Mwalimu wetu wa hesabu, hata nikikosea, alijua mimi ni nani. Huyo wa Uingereza angeona namba tu na mwandiko wa mtu asiyemjua.

Mpaka Julai ya mwaka huo sikuwa na sababu ya kuogopa. Nilikuwa wa pili darasani, mara nyingine wa tatu. Kisha tukafanya mtihani wa majaribio. Walizitenga meza kwa nafasi, wakatukataza kuzungumza, saa kubwa ikaletwa kutoka ofisini na kuwekwa mbele. Nilipogeuza karatasi ya hesabu, masikio yangu yakaanza kuvuma. Swali la kwanza nililijua. Nilikuwa nimemfundisha rafiki yangu swali kama hilo siku iliyotangulia. Nikaweka kalamu juu ya karatasi na mkono haukwenda. Haukutetemeka wala kuuma. Ulikaa tu pale, baridi, kama mkono wa mtu mwingine uliosahauliwa kwenye meza yangu. Nilipata kuandika kidogo karibu na mwisho, nikaanguka kutoka juu mpaka karibu na mkia. Niliwaambia watu kwamba nilikuwa na malaria.

Likizo ya Agosti nilirudi nyumbani na siri hiyo. Nilimkuta baba akijiandaa kwa testi yake ya tatu. Aliniita mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Akaniambia, "Mama, nisomee kitabu cha barabara." Baba alisoma kwa shida. Jioni tulikaa nje ya jikoni, mimi nikisoma sheria na kumwonyesha picha za alama, yeye akijibu. Hakukosea hata moja. Ishara za mikono alizifanya akiwa ameketi kwenye kigoda, mkono nje ya dirisha ambalo halikuwepo, na wadogo zangu wakamcheka mpaka akacheka naye.

"Safari hii utapita," nikamwambia.

"Twende wote," akasema. "Ukiwa hapo labda moyo utatulia."

Tulishuka Nakuru kwa lori la shamba. Dereva wa shamba jirani, mwenye leseni, ndiye aliyeendesha mpaka pale karibu na polisi, mahali pa testi. Kwenye benchi walikuwa wameketi wanaume wengine, matanboi, wale wasaidizi wa madereva wa malori, na kijana mmoja wa Kihindi aliyekuwa akifuta viatu vyake kwa kitambaa tena na tena. Baba alipofika aliomba radhi, akaenda nyuma ya vyoo, akarudi akijipangusa mdomo. Sikuelewa.

Mzungu wa testi akatoka, kijana mwenye shingo nyekundu, amebeba ubao wenye karatasi na penseli. Wakapanda lori. Nilisimama kwenye uzio nikawatazama wakiingia barabara ile inayopanda kuelekea Menengai. Katikati ya mlima lori likasimama, kama ilivyotakiwa, ili baba aonyeshe anavyoweza kuliondoa tena bila kurudi nyuma. Nilikuwa nimemwona akifanya jambo hilo shambani maisha yangu yote, na trela limejaa nyuma yake.

Lori likaruka mbele, likazima. Likawashwa. Likarudi nyuma, mtu wa baiskeli akaruka pembeni akipiga kelele. Likazima tena. Nilishika waya wa uzio kwa nguvu hata ukanichoma kiganjani. Likakaa pale mlimani kimya muda mrefu, kisha mlango wa kulia ukafunguliwa, baba akashuka, akazunguka mbele ya lori, akapanda upande wa kushoto. Mzungu ndiye aliyelirudisha. Lilipopita mbele yangu nilimwona baba ameketi na mikono yote miwili juu ya magoti, akitazama mbele, na shati lake lilikuwa limelowa mpaka kiunoni.

"Bado," mzungu alisema aliposhuka. Hakusema kwa ubaya. "Hii mzee najua gari, lakini naogopa sana. Barabara hapana taka mtu naogopa."

"Ndiyo, bwana," akajibu baba.

Tulitembea mpaka mtaa wa Bondeni, kwenye hoteli ndogo ya mtu wa kwetu, tungoje lori lipakie mbolea. Tukaletewa chai. Baba alijaribu kuinua kikombe, akakirudisha mezani kwa sababu chai ilikuwa inamwagika.

"Ukinipa lori lile sasa hivi," akasema, "bila yule mtu, nitalipandisha mpaka juu ya Menengai."

"Najua, Baba."

"Akishika penseli tu, mguu wangu unakufa. Klachi naijua ilipo. Lakini mguu haupo. Natazama chini nauona, lakini haupo."

Niliacha kunywa. Mimi na baba tuna pengo moja la meno ya mbele, tuna mabega yale yale ya kuinama, watu njiani walitambua mimi ni mtoto wa nani kabla sijasalimia. Nilitazama ule mkono wake juu ya meza, kisha nikautazama wangu, na hofu iliyoniingia hapo haikuwa ya Julai tena. Ya Julai nilikuwa nimeipa jina la malaria. Hii nilijua imo kwenye damu, na kitu kilicho kwenye damu nilidhani hakina dawa. Sikumwambia kitu. Angewezaje kubeba na hili, siku hiyo?

Muhula wa tatu ulikuwa wa baridi, hata kwa Molo. Ukungu ulikaa kwenye miti ya misheni mpaka karibu adhuhuri. Mkuu wa shule, mmisionari mrefu aliyekuwa na desturi ya kufumba macho akizungumza, alituambia kila Jumatatu kwamba misheni inatutazama, serikali inatutazama, wazazi wetu wanatutazama. Wenzangu walitoka pale wakiwa wamepata nguvu. Mimi nilitoka nikihesabu macho. Nywele zilinitoka nikichana. Niliposikia saa ya ofisini ikigonga, hata nikiwa nafua nguo, niliiacha nguo majini nikasimama.

Mwalimu wa hesabu alikuwa kijana Mwafrika aliyesomea Uganda. Yeye hakuiamini ile malaria. Alasiri moja alinibakiza darasani pamoja na rafiki yangu, akaandika swali gumu ubaoni.

"Lifanye."

Nikalifanya. Akaandika lingine, nikalifanya, na la tatu nikalifanya kwa njia mbili. Kisha akavua saa yake ya mkononi, akaiweka juu ya meza, akanipa karatasi safi.

"Sasa andika hilo la kwanza hapa. Una dakika kumi."

Nilikaa. Chaki ya jibu langu bado ilikuwa ubaoni, ningeweza hata kunakili. Mkono haukwenda. Rafiki yangu alianza kulia kabla yangu. Mwalimu alichukua saa yake, akaivaa, akahangaika kuufunga mkanda, halafu akasema polepole, "Pole. Nilifikiri ni uvivu."

Nadhani alikwenda kwa mkuu kwa nia njema. Mkuu aliniita ofisini, akafumba macho yake, akasema ingekuwa busara ningoje mwaka mmoja, nipumzike, nifanye mtihani na kundi lijalo. Kwa mvulana huo ungekuwa mwaka mmoja. Kwa msichana kungoja mwaka kulikuwa kurudi nyumbani kuchuma pareto mpaka aje mtu wa kuleta mahari. Wote wawili tulilijua hilo, ingawa yeye hakulisema.

"Nitaufanya, sir."

"Una hakika?"

"Ndiyo, sir."

Sikuwa na hakika hata kidogo.

Jumapili iliyofuata, watu wakitoka kanisani, nilimwona baba amesimama kwenye lango amevaa koti lake la mvua. Mkuu alikuwa amempelekea habari. Tuliketi juu ya magogo kando ya ua wa misonobari. Alikuwa ameniletea mahindi ya kuchemsha yaliyofungwa kwa kitambaa, yamekwisha poa. Tulikula kwanza.

"Nimesikia unaumwa," akasema.

"Siumwi."

"Wamesema mkono."

Nikautazama ukungu. "Ni kama mguu wako, Baba."

Aliacha kutafuna. "Tangu lini?"

"Julai."

"Na pale Bondeni ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Alivua kofia akaiweka gotini, akaizungusha. "Nilifikiri nimekupa meno tu," akasema.

Nilitaka aniambie kitu. Nilikuwa bado mtoto kiasi cha kuamini kwamba mzazi ana neno mahali fulani analoliweka kwa siku kama hiyo. Nikamwuliza, "Kabla hujapanda gari, huwa unafanya nini?"

"Naomba Mungu. Kisha naenda nyuma ya choo natapika. Kisha napanda."

"Inasaidia?"

"Si uliniona?"

Sijui nani alianza kucheka. Tulicheka vibaya, kicheko cha watu wasio na la kufanya, mpaka watu wa kwaya waliokuwa wakipita wakageuka kututazama. Tulipotulia akasema, "Sina cha kukufundisha, mama. Ningekuwa nacho ningejifundisha mwenyewe. Nimekuja tu usiwe peke yako."

"Utarudi kwa testi?"

"Bwana wa shamba amenipa mara moja tena, Desemba. Nilikuwa nimeamua nimwambie basi, atafute mtu mwingine."

"Usimwambie."

"Na wewe?"

"Mimi nikiingia, utaingia?"

Alifikiri. Kwake ahadi haikuwa kitu cha kumpa mtoto ili anyamaze. "Ukiingia," akasema, "nitaingia."

Karatasi ya kwanza ilikuwa ya hesabu. Asubuhi hiyo nyasi zilikuwa na jalidi na vidole vyetu vilikuwa vigumu hata vya wale wasioogopa. Msimamizi alikuwa mke wa daktari wa misheni, mama wa makamo aliyekaa mbele akifuma soksi. Alikata lakiri mbele yetu, akagawa karatasi, akatazama saa, akasema tuanze. Nikasikia karatasi zote zikigeuzwa kwa pamoja, halafu nikasikia sindano zake za kufumia, na baada ya hapo sikusikia kitu ila ule mvumo.

Mkono ulikufa kabla sijaandika namba yangu. Niliutazama. Niliuambia kwa lugha ya kwetu, kimoyomoyo, tafadhali. Mbele yangu mvulana aliyekuwa wa kwanza darasani alikwisha geuza ukurasa. Nikaona nyota, nikajua kwamba nisipotoka nitatapika juu ya karatasi ya Uingereza, nikainua mkono ule wa kushoto. Mke wa daktari alinitazama usoni, akamwashiria mpishi mmoja wa kike aliyekuwa mlangoni anifuate nje.

Nilitapika kando ya tangi la maji. Yule mpishi alinishika mgongo. Nikafungua bomba, nikajimwagia maji usoni, maji ya kukata ngozi. Kutoka pale niliona lango la misheni liko wazi na njia inateremka kwenda mjini. Garimoshi lilipiga honi huko stesheni. Ningeweza kwenda. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka ile njia. Miguu yangu, ambayo haikuwa na ugonjwa wowote, ilikwisha geukia huko. Kilichonizuia hakikuwa ushujaa. Niliwaza tu kwamba nikitoka pale, baba ataenda kumwambia bwana wake basi, na atafanya hivyo bila kunilaumu, na sitaweza kuketi naye tena kwenye magogo.

Nikarudi. Niliukalia mkono wa kulia, nikauweka chini ya paja upate joto, nikaanza kuisoma karatasi kutoka nyuma. Karibu na mwisho palikuwa na swali la pembetatu, walitaka ichorwe kwa bikari na rula. Nikautoa mkono nikashika bikari. Ukaenda. Sijui kwa nini; labda kuchora hakukuwa kuandika, labda mkono haukujua kwamba huu nao ni mtihani. Nikachora pembetatu. Nikaandika herufi kwenye kona zake, moja, ya pili, ya tatu, na herufi ya tatu ilipokwisha nilikuwa naandika. Sikuthubutu kuinua kalamu. Niliandika kama mtu anayevuka daraja bovu, bila kutazama kushoto wala kulia, na tulipoambiwa tuweke kalamu chini kulikuwa na maswali ambayo sikuyagusa kabisa.

Ningependa kusema kwamba hapo nilipona. Sikupona. Kesho yake nilitapika tena, na siku iliyofuata, na yule mama mpishi akawa ananingoja kwenye tangi na kikombe. Kila karatasi ilikuwa na dakika zake za kifo. Ila sasa nilijua zina mwisho, na nilizipitisha kwa kuchora chochote kwenye karatasi ya kujaribia, mistari, madirisha, mpaka kalamu ijisahau.

Nilikuwa nyumbani baba aliporudi kutoka Nakuru Desemba ile. Tulimwona akija kwa miguu kutoka barabarani. Alisimama mlangoni, akanitafuta kwa macho kabla hajamtazama mama.

"Niliingia," akasema.

"Na?" mama akauliza.

"Bado."

Mama alishika kiuno akageukia moto. Mzungu wa shamba alimwajiri dereva kutoka Naivasha mwenye leseni yake, na baba akarudi kwenye trekta, ambako alibaki mpaka shamba lilipouzwa baada ya Uhuru. Mimi nililia siku hiyo kuliko yeye. Yeye alikula ugali wake, akaomba mboga tena. Mama alisema kwamba safari zilizotangulia akirudi kutoka testi alikuwa hali kitu hadi kesho yake.

Kungoja matokeo kulikuwa hofu ya aina nyingine, isiyo na saa ya kuanza wala ya kumaliza. Nilichuma pareto na wanawake wa shamba, na kila baiskeli iliyotokea mbali kwenye barabara ya vumbi ilinikausha mate. Asubuhi moja baiskeli moja ikakata kona ya kuja kwetu. Nilimtambua mwalimu wa hesabu kwa jinsi alivyokaa wima. Nikachuchumaa katikati ya maua, nikavuta kikapu kichwani.

Nilimsikia akisalimia. "Hamjambo, mama zangu. Namtafuta binti yenu."

"Hayupo," mama akajibu papo hapo. Hata leo sijui kama alinionea huruma au naye aliogopa.

Nadhani mwalimu aliiona sketi yangu.

"Basi mwambieni asiyekuwepo kwamba amepita," akasema.

Wanawake walipiga vigelegele hata mbwa wa nyapara akaanza kubweka. Niliinuka nikiwa na maua nywelani, nikasahau hata salamu. Mwalimu alinieleza mwenyewe: nilikuwa nimepita daraja la tatu, hesabu kwa kuponea chupuchupu. Yule mvulana wa mbele yangu alipata la kwanza. Rafiki yangu, yule aliyelia kwa ajili yangu, ambaye alilala vizuri na kula vizuri msimu wote wa mtihani, alikuwa ameanguka. Furaha yangu iliingia ikiwa na kovu hilo, na mwalimu alipoondoka nilijikuta nalia kwa mambo mawili. Mama alinigombeza kwa maua niliyoyaponda, halafu akanikumbatia, halafu akasema tumalize mstari kwa sababu vikapu vinapimwa adhuhuri.

Mwaka huo huo niliingia chuo cha ualimu, kwa hofu, na mitihani yake yote niliifanya kwa hofu.

Lakini jioni ile ya matokeo, baba alipotoka kazini, akiwa bado na grisi mikononi, alinikalisha chini nimweleze vizuri.

"Daraja la tatu ni lipi?"

"La mwisho, Baba. Chini yake ni kuanguka."

"Lakini lenyewe ni kupita?"

"Ni kupita."

Alinawa mikono, akavaa kofia, akatoka kwenda nyumba ya jirani. Tulimsikia kutoka jikoni akieleza kwa sauti kubwa, kwa lugha ya kwetu, kwamba kuna madaraja matatu, na binti yake amechukua la tatu.